Namna ya Kununua GPS na Bado Ukapotea Newala

Ukitangaza kwamba unapanda baiskeli kutoka Masasi hadi Newala kwa raha zako tu, bila gunia la korosho kwenye karia wala madumu ya maji, ndugu zako watauliza kama umefukuzwa kazi. Waambie ni utalii. Kisha, ili wakuamini, nunua GPS ya mkononi uifunge kwenye usukani. Mtu mwenye kifaa kama hicho haulizwi habari za akili yake. Vijijini watamchukulia kuwa katumwa na mradi. Wewe jiandae tu kuulizwa fidia ya mikorosho italipwa lini.

Dukani, anza na bei na uchague ile inayouma. Chagua skrini kubwa ya kugusa, yenye rangi nyingi, inayopima mapigo ya moyo na kuonyesha hali ya hewa (hiyo hali ya hewa huja kwa intaneti ya simu, lakini muuzaji hatataka kukuchosha na mambo madogo). Safari yenyewe ipange katika kipindi ambacho wakulima wanapulizia salfa kwenye mikorosho. Vumbi la njano litatua juu ya jasho la vidole vyako, nawe kila utakapogusa skrini kutafuta Newala, itakupeleka kwenye ukurasa wa kuchagua lugha. Wenye vifaa vya vitufe hawaijui burudani hii.

Muuzaji atakwambia pia kwamba kifaa chake hakinasi setelaiti za Marekani peke yake, bali na za Urusi, Ulaya na China. Hapo hadanganyi, na ni vizuri umsikilize. Setelaiti za GPS zinazunguka umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, na kifaa kinahitaji kuona angalau nne ili kijue kilipo na kimo chake. Chini ya mikorosho iliyofungamana, au ubavuni mwa mteremko mkali, nusu ya anga imezibwa, kwa hiyo wingi wa setelaiti ni msaada wa kweli. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiyavuruga makusudi mawimbi ya raia, hata kosa likafika mita 100. Siku hizi, penye uwazi, ni mita chache tu. Mataifa makubwa yasiyoelewana kwa jambo lolote yatakubaliana kwa kauli moja kwamba umesimama kwenye mchanga. Kina cha mchanga huo hakuna litakalokutajia, na ardhi ya uwanda wa Makonde ina mchanga wa kutosha kumshusha kwenye baiskeli hata mwenye mapaja ya chuma.

Sasa twende ukingoni, maana ndiko GPS inakofanya maajabu. Newala imekaa kwenye ncha ya uwanda, juu ya bonde la Ruvuma, na pale Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla, unabaki unatazama upande wa Msumbiji kwa mbali. Weka kituo chako kwenye kijiji kilicho chini, kisha bonyeza "nenda". Kifaa kisichopakiwa ramani kitachora mstari ulionyooka na kukupa umbali mfupi wa kupendeza. Hakijakosea: umbali ni huohuo. Kimenyamaza tu kuhusu genge lililopo katikati. Ukiwa mtiifu kwa mashine, utafika haraka kuliko ulivyopanga.

Wanaotaka kupotea kitaalamu wasisahau ramani za karatasi za Serikali, zile za kipimo cha 1:50,000. Nyingi zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS inatoka kiwandani ikiwa imewekwa kwenye WGS84. Usibadilishe kitu. Soma namba kwenye karatasi, ziingize kwenye kifaa, na utakuwa umejihamisha kama mita 300 kwa sekunde kumi. Mjini Masasi mita hizo ni kutoka duka hadi duka. Ukingoni Newala ni tofauti ya kuwa juu na kuwa chini.

Kuna na suala la dira. Vifaa vya bei nafuu havina dira ya ndani. Hujua unaelekea wapi kwa kuangalia unavyosogea. Ukisimama kwenye njia panda, mahali pekee unapohitaji kujua, mshale unaanza kuzunguka. Usiulize mtu. Ukiuliza utaharibu safari, kwa maana atakuwepo mzee anaokota korosho chini ya mti.

"Shikamoo mzee. Kitangari ni njia hii?"

"Marahaba. Inafika. Ila na baiskeli hiyo?" Ataitazama skrini kwa heshima zote. "Na hicho kinasemaje?"

"Kinasema kilomita nne."

"Basi kifuate," atajibu, ataendelea kuokota.

Ukiambiwa hivyo, geuza baiskeli.

Wapo watakaosema simu inatosha. Inatosha kweli ukiwa umepakua ramani mapema, kwani setelaiti hazihitaji bando. Ila mwanga wa skrini na kutafuta mtandao vinakula chaji, na ikitokea simu ikanasa mnara wa ng'ambo ya Ruvuma, saa yako itarudi nyuma kwa saa nzima, maana Msumbiji wanafuata majira mengine. Utafurahi kwamba umewahi, hadi jua lizame.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala, na katika kitabu chake alichapisha ramani ya barabara kuu ya misafara na vituo vyake, iliyochorwa na Mmambwe aitwaye Sabatele. Sabatele hakuwa na setelaiti hata moja.

Tuache utani, hela ni yako. Chukua kifaa cha vitufe chenye betri za kubadilisha, za saizi ile ya saa ya ukutani, ambazo hata duka la kijijini linazo. eTrex 32x ya Garmin ni mfano mzuri: betri mbili, hadi saa 25 kwa maelezo ya kiwanda, dira ya ndani, na kipimo cha mwinuko kinachotumia mgandamizo wa hewa. Pakia ramani ukiwa bado Masasi. Usijaze alama za mandhari. Weka alama za maji, kwa sababu juu ya uwanda mvua hunywewa na mchanga, na tangu miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukiyasukuma kwa pampu kutoka bonde la Kitangari. Na kabla hujaanza kuteremka kutoka Newala, kagua breki. Hizo hakuna setelaiti itakayokukagulia.