Mandolini ya Kwanza na Masaibu Yake: Majibu kwa Wasomaji wa Butembo na Beni

Safu hii, ambayo kwa desturi hushughulika na mipaka ya mashamba, hesabu ya mbuzi wa mahari, na majirani waazimao majembe wakasahau njia ya kuyarudishia, imevamiwa safari hii na barua za watu walioingiwa na mapenzi ya mandolini, kinanda ambacho wazee wetu hawakukijua kabisa, kwani wao walitosheka na enzenze yenye ubao wake mmoja na kibuyu chake, na wana wao wakaangukia gitaa moja kwa moja bila kutua popote njiani. Huko pwani, ambako Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja imekuwa ikikusanya wapigaji tangu 1905, udi na fidla na ganuni zilipata makao ya heshima, na mandolini nayo ikakaribishwa katika baadhi ya vikundi kama mgeni wa kupita. Lakini huku kwetu juu, kati ya mji wa baridi wa Butembo na mji wa joto wa Beni, atakaye mandolini hana budi kuitafuta mwenyewe, kuipima mwenyewe, na aghalabu kudanganywa mwenyewe. Basi nimeona ni insafu kuwajibu.

*

“Mzee Mshauri, salamu. Mimi ni kijana mwuza duka hapa Butembo, na nimeweka dola 80 mbali na macho ya ndugu zangu. Nimeona mahali mandolini moja nyekundu, inang'aa mpaka unajiona uso, na bega lake moja limejikunja kwa nakshi. Mwenye duka aniambia ni ya Ulaya, na bei yake ni dola 80 barabara. Niichukue? — Mwenye Akiba ya Siri, Butembo.”

Mwanangu, la kwanza lililonishangaza katika barua yako ni kwamba bei ya kinanda imelingana na akiba yako mpaka dola ya mwisho, ilhali akiba hiyo wasema ni ya siri. Chunguza ni nani aliyepeleka habari.

Ama lile bega lililojikunja, umbo hilo lilibuniwa na Orville Gibson, fundi wa mji wa Kalamazoo katika Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, nalo ni pambo zuri la macho ambalo halitoi sauti hata moja, bali hula siku za fundi katika kuchongwa; na maadamu siku za fundi lazima zilipwe, basi katika kinanda cha bei ndogo pambo hilo hulipiwa kwa kunyimwa kitu kingine usichokiona, yaani shingo, au funguo za kukazia nyuzi, au ukavu wa mbao. Tafuta ile yenye umbo la peasi, iliyo wazi, isiyo na bega wala pembe. Na neno la Ulaya lisikutie kiwewe wewe uliye mtoto wa mji ambao wafanyabiashara wake wanazifahamu njia za Guangzhou na Dubai kuliko njia za Kinshasa: vinanda vingi vya bei nafuu duniani siku hizi vyatoka Asia, wala si aibu kwao, aibu ni ya anayevibandika ukoo usio wao.

Sasa sikiliza, kwa sababu nimeona jambo la ajabu kwa watu wa Butembo, kwamba mtu ambaye hanunui kufuli mpaka alifunge na kulifungua mara kumi mbele ya mwuzaji, na ambaye hulikunjua turubai lote barabarani akalitazama dhidi ya jua, mtu huyo huyo akikabidhiwa kinanda huingiwa na haya, akakishika kwa vidole viwili na kulipa. Wewe usione haya. Kipeleke kinanda jichoni, utazame shingo kwa urefu wake, kutoka kichwani kuelekea tumboni, uone kama imenyooka au imepinda. Shingo iliyopinda katika kinanda cha bei hii haina dawa, rudisha na uage kwa adabu. Kisha hesabu vile vyuma vidogo vinavyoikatiza shingo, yaani freti, ufike ya kumi na mbili, ubonyeze uzi hapo na kuupiga, halafu uupige ukiwa wazi: sauti ya pili lazima iwe ni ile ile ya kwanza, ila ya chini zaidi, kwa kuwa freti hiyo huugawa uzi nusu kwa nusu. Zikikosana, usimkasirikie mwuzaji bado, kwani daraja la mandolini, tofauti na la magitaa mengi, halikugandishwa kwa gundi, bali husimama kwa kukandamizwa na nyuzi tu, na huenda limesogezwa na mpangusa vumbi wa duka. Lisogeze kidogo kidogo na ujaribu tena. Kwa sababu hiyo hiyo nakuhadharisha: siku utakapobadili nyuzi, usizitoe zote kwa mpigo, daraja litaanguka nawe utabaki unakisia lilikuwa wapi.

Papo hapo kwenye freti ya kumi na mbili pima kimo cha nyuzi. Chukua zile kadi kubwa ambazo laini za simu huvunjwa kutoka kwazo: kadi mbili zikipita chini ya uzi kwa kubana, kimo ni chema; zikipita nne, vidole vyako vitachubuka kabla ya kujifunza lolote, na utaamini huna kipaji ilhali ulichokosa ni tupa na fundi wa saa moja. Zungusha funguo zote nane, moja moja, usikubali hata moja inayoteleza. Tazama tumbo chini ya daraja, maana nyuzi nane za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa jumla kadiri ya kilo 70, nao ni uzito wa mtu mzima anayening'inia kwazo mchana na usiku. Tumbo likiwa limebonyea, kimbia.

Ukitaka kujua kama uso wake ni wa ubao mzima au wa triplai, chungulia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mti ikishuka moja kwa moja, ni ubao mzima, ukiona tabaka juu ya tabaka, ni triplai. Wajuzi watakuambia ubao mzima husikika vizuri zaidi, nao wasema kweli. Lakini mimi, nikiwafikiria watu wanaosafiri kati ya ubaridi wa Butembo na fukuto la Beni, na ambao kinanda chao hutundikwa ukutani karibu na jiko la makaa, siidharau triplai, kwa kuwa huvumilia taksiri ambazo ubao mzima hauzisamehe.

Mwisho, dola 80 zako usizitoe zote. Toa 60, nawe ujadiliane kama mwana wa baba yako. Hizo 20 ni za nyuzi mpya na za fundi wa kushusha kimo, maana bei uliyoandikiwa dukani ni sehemu tu ya bei, na wengi wa wale wasemao mandolini ni ngumu hawakulipa sehemu ya pili.

*

“Papa Mshauri, mume wangu alichukua pesa za minerval, yaani karo ya watoto, akanunua mandolini. Sasa kila usiku anapiga wimbo mmoja ambao haufiki mwisho. Nifanye nini? — Mama Asiyelala, Beni.”

Mama, shauri la minerval li juu ya uwezo wa safu hii, nalipeleka kwa shemeji na mawifi zako kikao cha Jumapili, na ningependa kuwapo. Ama wimbo usiofika mwisho, sababu yake naidhani. Mandolini ina nyuzi nane katika jozi nne, na nyuzi mbili za kila jozi lazima ziimbe sauti moja. Zikiachana hata kwa unywele, kila pigo huzaa ugomvi, naye mpigaji hurudi nyuma kurekebisha asichojua. Mwambie aweke katika simu yake programu ya kulinganisha nyuzi, naye atafute sol, re, la na mi, kutoka nene hadi nyembamba, kama zilivyo katika fidla. Kisha wewe mwenyewe, bila kumwomba ruhusa, kata ukanda wa kitenge upana wa vidole viwili, uupitishe chini ya nyuzi karibu na daraja: vidole vyake vitaendelea na mazoezi, sauti itabaki kwake. Katika mji ambao tangu 2014 watu wake wamefundishwa kuusikiliza usiku kwa hofu ya mashambulizi, si kwa muziki, kumnyima jirani utulivu wake si mzaha, na mume wako aambiwe hivyo kwa maneno haya haya.

*

“Mzee wetu, mimi ni mwalimu wa kwaya. Kuna seremala hapa, mtengenezaji hodari wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, amesema atanichongea mandolini ya libuyu kwa dola 30, tena nzuri kuliko ya dukani. Nimwamini? — Mwalimu Asiye na Hakika, Butembo.”

Mwalimu, hili ni swali la watu wenye akili, na jibu lake lina pande mbili ambazo sitaki kuzipatanisha kwa haraka.

Kwa upande mmoja, nani katika Kongo hii atathubutu kumcheka mtu anayejitengenezea kinanda? Mpiga gitaa Franco Luambo, aliyezaliwa Sona-Bata mwaka 1938, alianza utotoni na gitaa la kopo na waya, sokoni mama yake alipokuwa akiuza, naye alipofika studio ya Loningisa mwaka 1953 vidole vyake vilikwisha kusoma darasa lote. Na mti wenyewe hauna ila: libuyu yatoka katika misitu ya Beni na Mambasa, hupakiwa malori ikavuka Kasindi kwenda Uganda na Kenya na ng'ambo, na ulimwenguni mti huo hutumiwa kwa migongo na mbavu za magitaa. Nakiri yanichoma moyo kufikiri kwamba ubao unaweza kutoka kwetu kwa bei ya ubao na kurudi kwa bei ya kinanda.

Kwa upande wa pili, chukudu ikikosea kipimo kwa unene wa ukucha bado huteremka kilima na viazi vyake, bali kinanda kikikosea kiasi hicho hakiimbi kamwe. Ugumu haumo katika tumbo, umo katika shingo. Freti hazipangwi kwa macho wala kwa kunakili gitaa la jirani. Zapangwa kwa hesabu. Chukua urefu wa uzi kutoka kizingiti cha kichwani hadi daraja, ambao katika mandolini ni kama milimita 350, uugawe kwa 17.817, utapata milimita 19.6, na hapo ndipo mahali pa freti ya kwanza. Urefu uliobaki ugawe tena kwa idadi hiyo hiyo, upate ya pili, na hivyo hivyo mpaka ya kumi na mbili, ambayo lazima iangukie nusu kamili, milimita 175. Mafundi wa kale wa Ulaya walitumia 18 kwa wepesi, wakarekebisha kwa sikio. Basi mwendee seremala wako, usimwulize habari za libuyu, ambayo aijua kuliko wewe na mimi, mwulize freti ya kwanza ataiweka wapi na kwa nini. Akikujibu kwa hesabu, mpe dola 30 na uongeze 10 za heshima, ila hakikisha ubao umekauka kivulini miezi, si siku, maana ubao mbichi ukivutwa kwa kilo 70 utajikunja. Akikujibu “nitaona nikifika hapo”, basi mpe kazi nyingine ambayo ataifanya kwa ufanisi kuliko kiwanda chochote: akutengenezee sanduku la mandolini ya dukani, lenye sponji ndani, kwa sababu vinanda vingi vya huku havifi kwa kupigwa, hufa nyuma ya pikipiki.

*

“Mshauri, nyuzi zangu zimekatika, na katika maduka wananiambia za mandolini hazipo. Wengine wanasema nitumie waya wa breki ya baiskeli. — Aliyekatikiwa, Beni.”

Waya wa breki umewalea wapigaji wengi wa magitaa ya kopo, Mungu awarehemu na vidole vyao, lakini hauna kipimo na hushika kutu upesi. Nunua pakiti mbili za nyuzi za gitaa la umeme, zile zilizoandikwa 10 hadi 46. Katika kila pakiti chukua wa kwanza, wa pili, wa nne na wa tano. Wa tatu na wa sita uwape wapiga gitaa, wakushukuru. Uzi wa gitaa una kigololi mwishoni, na mandolini yataka kitanzi: kibane kigololi kwa koleo mpaka kivunjike kitoke, nacho kitanzi kitabaki chenyewe. Funga macho unapokibana.

*

“Mzee, mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Graben. Sina dola 80, sina 30. Nina gitaa la marehemu mjomba na hamu ya ile sauti kali ya juu. Je, nisubiri? — Mwenye Hamu Tupu, Butembo.”

Usisubiri, bwana mdogo, kwa sababu wanamuziki wa nchi yako mwenyewe walikwisha kulitatua jambo hili bila kumwomba Mtaliano, mwenye mandolini yake, ruhusa. Kati ya gitaa la kusindikiza na gitaa la kuongoza waliweka la tatu, wakaliita mi-composé, na siri yake ni nyepesi mno: uondoe uzi wa nne, yaani re nene, mahali pake utie uzi mwembamba kama ule wa kwanza, uukaze ufike re ya juu, oktava moja kamili kupita ile ya awali. Nyingine ziache zilivyo. Gitaa la mjomba wako litaanza kumetameta pale katikati, na vidole vyako vitakutana na sauti mahali visipoitazamia, jambo litakalokuchanganya siku za mwanzo na kukufurahisha baadaye. Si mandolini, nami sitakudanganya kuwa ni mandolini. Lakini gharama yake ni uzi mmoja, na kama yule aliyekatikiwa nyuzi hapo juu atafuata shauri langu, basi kuna mtu Beni mwenye nyuzi za gitaa za ziada anayetafuta wa kuzichukua, ila za kwake ni za tatu na za sita, wewe wataka wa kwanza, kwa hiyo itakubidi ununue.