Chumvi Isiyopungua

Mama mkwe alibandika maharage Jumamosi asubuhi. Saa nane mchana yalikuwa bado yanagongana sufuriani. Ilikuwa mwezi wa Aprili, hapa Phoenix, Arizona, mji ambao umepokea familia nyingi kama yetu, zilizotoka Kivu zikapitia kambi za Kigoma kabla ya kuvuka bahari. Jua lilikuwa bado la kuvumilika, lakini kila aliyekaa hapa anajua Mei ikiisha kuna nini.

Mume wangu alisema maharage ni ya zamani, dukani yamekaa sana. Shemeji aliyekuja kutusalimia akalaumu jiko la umeme, akaanza kusifia mkaa. Mama mkwe hakumjibu yeyote. Alichukua birika, akaligeuza juu ya sinki, akalikung'uta kwa kiganja. Vikadondoka vipande vyeupe, vyembamba, vikali kwenye kingo kama maganda ya yai.

"Si maharage, wala si jiko," alisema. "Maji yamebadilika. Sabuni haitoi povu. Vitenge vyangu vikikauka vimekakamaa, havikunjiki."

Kambini angetia kibonge cha magadi, na maharage yangelainika. Magadi ni kabonati ya sodiamu: huikamata kalisiamu ya maji na kuitupa chini, huku yakisaidia ganda la haragwe kulegea. Kalisiamu ikiwa nyingi hujifunga kwenye ganda hilo na kulikaza, ndiyo maana maharage yanayopikwa kwa maji magumu hula moto kutwa nzima. Mama mkwe hakusoma kemia popote, lakini hii aliijua kwa mikono yake. Alichotaka kujua ni kwa nini maji ambayo miezi michache nyuma yalikuwa laini yamerudi kuwa magumu, wakati ndani ya gereji kuna mashine iliyowekwa kwa kazi hiyo hiyo ya kulainisha maji.

Mume wangu akaenda gereji, akafunua kifuniko cha tangi, akatuita. "Mama, njoo uone. Chumvi imejaa hadi ukingoni. Mashine haina tatizo."

Mama mkwe akachungulia. "Chumvi hii uliimimina lini?"

"Mwezi wa kwanza. Bei ilikuwa imeshuka, nikanunua mifuko ya kutosha."

"Na tangu hapo imepungua kiasi gani?"

Mume wangu akanyamaza.

"Mwanangu," mama mkwe akasema kwa upole, "kitu kinacholiwa kila siku kisipungue, basi hakiliwi."

Niseme kwanza kwa nini nyumba nyingi za Phoenix zina mashine hizi. Maji ya mji yanatoka kwenye mito ya Salt na Verde, na mengine yanavutwa kutoka mto Colorado kwa mfereji unaokatiza jangwa kwa zaidi ya kilomita 500. Njiani yanapita kwenye miamba na udongo, yanayeyusha chokaa na kuibeba. Ni maji salama kunywa, ila ni magumu sana. Na yakipashwa moto, kalisiamu iliyoyeyuka ndani yake hugeuka kuwa gamba gumu linaloganda kwenye chuma. Ndiyo maana gamba huanza kwenye birika, kisha kwenye hita ya maji, ambako halionekani mpaka hita inapoanza kunguruma na bili ya nishati kupanda.

Mashine yenyewe ina matangi mawili. Moja limejaa punje ndogo za resini zilizobeba sodiamu. Maji yakipita, punje hushika kalisiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu. Zikishajaa, haziwezi kushika zaidi. Hapo mashine huvuta maji ya chumvi kutoka tangi la pili, huyapitisha kwenye punje mpaka kalisiamu ing'oke, huimwaga kwenye bomba la maji machafu, na kuanza upya. Nyingi hupangiwa kufanya hivyo saa nane usiku, watu wakiwa wamelala. Chumvi isipofika, mashine itanguruma usiku, itatumia maji, saa yake itasoma vizuri, na asubuhi maji yatatoka magumu vile vile.

Mama mkwe alichukua ufagio, akaushika kichwa chini, akagonga chumvi kwa mpini. Sauti ilirudi ya mvungu. Akagonga tena kando. Mvungu. Chumvi tuliyokuwa tunaiona ilikuwa gamba lililoshikana na kuta za tangi. Chini yake palikuwa na uwazi, na chini ya uwazi maji yasiyogusa chumvi hata kidogo. Hali hii huja tangi linapojazwa kupita kiasi: unyevu unapanda kutoka chini, gereji inapoa usiku na kupata joto mchana, chumvi ya juu inalowa na kukauka mpaka inashikana.

Shemeji akatoka mbio, akarudi na nondo na nyundo.

"Shemeji, weka hiyo chini," nilimwambia. "Tangi ni la plastiki. Ukilitoboa tutanunua jingine."

Alisikia, ingawa kwa shingo upande. Tukachemsha maji, tukayamimina taratibu pembezoni, na mume wangu akawa anasukuma kwa mpini wa ufagio, kidogo kidogo, karibu na katikati. Gamba likalia, likapasuka, likaanguka lote kwa kishindo hata watoto wakatoka ndani kuangalia. Tukashangilia. Mume wangu akabonyeza kitufe cha kuamuru mashine ijisafishe usiku ule ule, akafunika tangi, akanawa mikono. Kila mtu alilala akijua shughuli imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza ilianza. Alfajiri mama mkwe aliamka kusali, akasikia maji yanatiririka upande wa gereji. Alituamsha kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Sakafu nzima ilikuwa maji ya chumvi. Mfuko wa unga wa mahindi ulikuwa umelowa chini na kuanza kuwa donge, viatu vya watoto vinaelea, na sanduku lake la bati, alilolibeba tangu Uvira, kule Kivu, likapita naye kambini likafika Marekani, lilikuwa limesimama katikati ya maji hayo na vitenge vyake ndani.

Hakulia. Alipiga magoti pale pale kwenye maji, akafungua kufuli, akaanza kutoa kimoja kimoja na kunikabidhi. Kile cha chini kabisa kilikuwa cha harusi yake, chenye ndege wa bluu, na chumvi ilikuwa imepanda hadi mabawa ya ndege. Mume wangu alisimama na ndoo mkononi, akasema tu, "Mama, nisamehe." Mama akamjibu, "Funga maji kwanza, mwanangu. Msamaha hauendi popote."

Mashine hizi zina vali ya kuyapitisha maji pembeni, nyuma kabisa mabomba yanapoingia. Mume wangu akaigeuza maji yasiingie tena kwenye mashine, na mtiririko ukakoma. Tulipiga deki mpaka jua lilipochomoza. Vitenge nilivisuuza kwenye beseni kwa maji ya chupa ya dukani, kwa sababu ya bombani yangeacha weupe juu ya weupe. Kile cha ndege wa bluu kilitoka salama.

Mchana tulifanya kazi ile kwa utaratibu, kitabu cha maelekezo kikiwa wazi juu ya meza, mimi nasoma na ndugu wawili wanatenda. Chanzo kilionekana. Tope la chumvi na uchafu lililokuwa limetuama chini lilikuwa limevutwa na kuziba kijitundu kinachofyonza maji ya chumvi. Kwa hiyo usiku mashine haikuvuta chochote, lakini zamu ya kujaza ilipofika ilijaza, juu ya maji tuliyomimina sisi. Boya ambalo lingezuia lilikuwa limekwama kwa kipande cha gamba. Na tundu la akiba la pembeni ya tangi, linalotakiwa kuungwa mpira wa kupeleka maji nje, halikuwa na mpira. Huenda halikuwa nao tangu mwenye nyumba wa kwanza.

Tukatoa chumvi yote, tukakomba tope kwa kopo, tukaosha tangi kwa sabuni ya vyombo. Tukachomoa boya kwenye bomba lake tukalijaribu kwa kuliinua na kuliachia. Shemeji akafungua kijitundu, kidogo kuliko tundu la kifungo, akakisafisha kwa mswaki na maji ya uvuguvugu, bila kukichokoa kwa sindano, maana kikipanuka hakivuti tena sawasawa. Tukaunga mpira. Tukarudisha chumvi ya vibonge iliyo safi, chini kidogo ya theluthi mbili za tangi. Lita moja ya maji huyeyusha takriban gramu 360 za chumvi na kuishia hapo, kwa hiyo kujaza hadi ukingoni hakuongezi nguvu yoyote. Kunatengeneza gamba tu.

Shemeji akapendekeza maji ya chumvi tuliyochota tumwagie lengalenga za mama uani. Mama mkwe akasimama mbele ya tuta lake. Chumvi hunyonga mizizi na kuharibu udongo, na ndiyo sababu bomba la bustani huachwa lipate maji magumu yasiyopita kwenye mashine. Maji yale yakaenda kwenye bomba la maji machafu. Mama ana presha, kwa hiyo tuliamua pia maji yake ya kunywa yasitoke kwenye mashine, kwa kuwa maji yaliyolainishwa huwa na sodiamu ya ziada.

Siku iliyofuata sabuni ilitoa povu, na maharage yaliiva kabla ya adhuhuri. Kabla hatujala, mama mkwe alichukua chupa angavu, akaweka maji nusu na matone machache ya sabuni ya maji isiyo na manukato, akaitikisa. Povu likasimama na maji ya chini yakabaki maangavu. Maji yakiwa magumu, povu huwa haba na chini kunakuwa na ukungu wa maziwa. Kipimo hicho sasa ni chake, na akisema maji hayako sawa, mume wangu huenda gereji bila kubisha.

Nawaambia ndugu wanaohamia majangwa haya: kazi hii ifanyeni kabla ya joto. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo zenye nyuzi 43 na zaidi. Katika joto la namna hiyo gereji haiingiliki mchana, na nyumba inaoga, inafua na kunywa maji kuliko msimu wowote, kwa hiyo mashine hujisafisha mara nyingi zaidi na chumvi huisha upesi. Anayengoja Julai ataikuta imeharibika siku ambayo hawezi kuishughulikia. Mashine iliyo nje ikingwe jua, maana jua kali huchakaza plastiki na vali zake. Ukikuta tangi limejaa, usilipongeze. Ligonge kwa mti. Weka alama ya kalamu ubavuni ilipofika chumvi, urudi kuangalia baada ya wiki chache kama imeshuka. Tafuta vali ya pembeni leo, umwoneshe kila mtu mzima nyumbani jinsi ya kuigeuza. Na kabla ya kusoma saa ya mashine, muulize anayepika na kufua. Mikono yake imeyashika maji hayo kutwa, na itakuwa imeshajua.