Sholay, Mjomba na Kiboko

Mpanda hatuna jumba la sinema. Tuna stesheni ya reli, tuna asali, tuna mchele, tuna hata Waziri Mkuu mstaafu wa kwetu kabisa, lakini jumba la kukata tiketi, ukaketi kwenye kiti cha kukunjuka na kutafuna bisi gizani, hilo hatuna. Filamu zote nilizowahi kuzilipia nimezitazama chini ya mbingu, au chini ya bati lenye matundu mengi kiasi kwamba nyota zilikuwa zinaingia bila kiingilio.

Ndiyo maana nimefikia umri wa kuamkiwa na watu wenye ndevu, na bado sijaona Sholay inavyoisha.

Ugonjwa huu ni wa kurithi. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli, na hapa kwetu reli ndiyo iliyoukuza mji: Waingereza waliivuta kutoka Kaliua, kilomita zaidi ya 200 za miombo na mbung'o, wakifuata madini ya risasi ya Mukwamba. Madini yakaisha, reli ikabaki, na baba akabaki nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo, na huko mjomba wetu mwenye pikapu akamchukua jioni moja kwenda Drive-In ya Msasani, ile sinema ya kutazamia ndani ya gari iliyofunguliwa mwaka 1966. Unasimamisha gari, unaning'iniza spika dirishani, unatazama ukuta mkubwa mweupe. Baba alisema mwanzoni alidhani ni gereji, maana magari yalikuwa mengi na hakuna hata moja lililokuwa linakwenda.

Filamu ilikuwa Sholay. Baba alirudi Mpanda nayo kichwani, akatusimulia kwa miaka kumi mfululizo, kila umeme ulipokatika. Tuliwajua wote: Jai na Veeru, wezi wawili wenye roho nzuri, Thakur, polisi mstaafu aliyekatwa mikono, Gabbar Singh, jambazi aliyewatoa jasho wanakijiji wa Ramgarh, na Basanti, dereva wa mkokoteni wa farasi, msemaji kuliko redio. Simulizi ilipanda, ilipanda, mpaka pale Basanti anapolazimishwa kucheza juu ya vioo vilivyovunjika, jua linawaka, miguu inatoka damu, Veeru amefungwa kamba, na baba anainuka kwenye kiti:

"Hapo sasa... mjomba wenu akawasha gari."

Mjomba alikuwa na msimamo mmoja tu maishani: tutoke kabla ya foleni. Basi mpaka nafika darasa la tano niliamini kwamba mjomba ni mmoja wa waigizaji, na kwamba yeye ndiye aliyetokea na pikapu kumwokoa Basanti. Nilimheshimu sana. Alipokuja kututembelea likizo moja nilimuuliza kama Gabbar alimuumiza. Akaniangalia, akamwambia mama nipimwe malaria.

Drive-In yenyewe haipo tena. Uwanja ule sasa ni Ubalozi wa Marekani, uliohamia hapo mwaka 2003. Mahali ambapo watu walisimamisha magari usiku wakatazama, leo ukisimamisha lako dakika mbili, atakayetazamwa ni wewe.

Jaribio langu mwenyewe la kwanza lilikuwa Makanyagio, hapahapa Mpanda, kwenye kibanda umiza, mwaka 1994. Asiyejua kwa nini kiliitwa hivyo hajawahi kukaa saa tatu juu ya gogo la mninga lisilopigwa randa. Ndani kulikuwa na televisheni moja, deki moja, na sheria moja: stering hafi. Ukibisha unatolewa nje na hela hurudishiwi. Wadogo tulikaa chini mbele kabisa, shingo zimepinda kama kuku wanaokunywa maji.

Tulifika kwenye vioo. Naapa tulifika. Basanti akaweka unyayo wa kwanza, na deki ikala mkanda.

Mwenye kibanda alifungua deki kwa bisibisi, akauchomoa mkanda taratibu kama mtu anayetoa utumbo wa kuku, akakata palipotafunwa, akaunga kwa selotepu, akarudisha. Picha ikarejea. Palikuwa na harusi. Bibi harusi kapambwa, bendi inapiga, wazee wamevaa suti, mtu anakata keki. Kibanda kizima tulipiga makofi. Basanti kaolewa, Gabbar kashindwa, mambo yamekwisha. Ni mwaka mzima baadaye nilipogundua kwamba mkanda ule ulirekodiwa juu yake harusi ya watu wa Tabora, na mwenye kibanda aliazimwa bila kuambiwa.

Baadaye nilisoma kwamba Sholay, ambayo Ramesh Sippy aliitoa mwaka 1975, kweli ina zaidi ya mwisho mmoja. Katika ule waliopiga kwanza, Thakur anamuua Gabbar kwa miguu yake mwenyewe, amevaa viatu vya misumari. Wakaguzi wa filamu wa India wakakataa mtu, tena aliyekuwa polisi, kujichukulia sheria mkononi (au mguuni, kwa hali yake), ikabidi polisi waletwe kumkamata jambazi. Kwa hiyo wenzetu wana miisho miwili. Sisi wa Makanyagio tuna wa tatu, wenye keki.

Mara iliyofuata ilikuwa Sitalike, mwezi wa tisa. Sitalike ni kijiji cha lango la Hifadhi ya Taifa Katavi, kama kilomita 35 kusini mwa Mpanda, pembeni mwa mto Katuma. Kiangazi kikikaza, mto unanywea mpaka yanabaki madimbwi, na viboko wa eneo zima wanabanana humo kama abiria wa kosta, mamia kwa mamia, wanakoroma na kusukumana. Mchana wanashinda majini. Usiku wanatoka kula majani. Hilo mtoto wa Sitalike analijua kabla hajajua a-e-i-o-u.

Vijana wawili walikuwa wamekuja na pikapu, jenereta, projekta na shuka jeupe lililofungwa kati ya miti miwili. Na mtafsiri. Nchi hii ukitaja mtafsiri wa filamu, watu wa rika langu wanamkumbuka Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, ambaye sauti yake ilitufanya tuamini kwamba Wachina wanazungumza Kiswahili cha Dar es Salaam. Wetu hakuwa Lufufu. Alikuwa muuza vocha, hajui Kihindi hata cha kuombea chai, lakini akishika maikrofoni anakuwa na uhakika wa nabii. Kwake Thakur alikuwa mwenyekiti mstaafu wa chama cha msingi cha tumbaku. Gabbar alikuwa mkusanya ushuru. Hakuna aliyepinga; mambo yalieleweka kuliko yangetafsiriwa sawasawa.

Majambazi walipoikimbiza treni ya mizigo wakiwa juu ya farasi, mzee mmoja mbele yangu alitikisa kichwa. "Hawa wangekuja huku kwetu wasingehangaika na farasi," alisema. "Wangetembea tu."

(Wakoloni nao walitujaribia sinema za nje. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi uliokaa Vugiri, huko Tanga, ukizungusha lori la filamu Afrika Mashariki na kwingine, kuwafundisha babu zetu kuweka akiba posta na kujikinga na safura. Hakukuwa na farasi wala Basanti. Ila zilikuwa fupi, kwa hiyo nadhani angalau walizimaliza.)

Tukaenda vizuri. Upepo ulikuwa unalijaza shuka, kwa hiyo Gabbar alinenepa na kukonda, lakini tuliona. Tukafika kwenye vioo. Nikajisogeza mbele. Hapo Jai, yaani Amitabh Bachchan, akaibuka juu ya jabali na bunduki yake, akaanza kuwapunguza majambazi, na mtafsiri, kwa furaha ambayo siwezi kumlaumu kwayo, akanguruma kwenye spika:

"KIBOKO! Kiboko yao huyooo!"

Ndugu msomaji, neno hilo unaweza kulisema Dar, unaweza kulisema Mwanza, hata Mpanda mjini watakuelewa kwamba unamsifu mtu. Huwezi kulisema Sitalike, usiku, mwezi wa tisa, kwa kipaza sauti.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka nikiwa tayari ninakimbia, kiatu kimoja mguuni, nimetanguliwa na mtafsiri mwenyewe, ambaye alipoona watu wanakimbia naye akaona heri yake. Waya wa maikrofoni ukamfuata, spika ikafuata waya, mti mmoja ukaachia shuka. Nilijikuta jikoni kwa watu, nimebanana na akina mama watatu na mbuzi mmoja, na hakuna aliyeuliza mimi ni nani. Yule mzee wa farasi peke yake hakuinuka. "Kiboko akija hapigi mbiu," alituambia asubuhi, anakunywa uji.

Asubuhi hiyohiyo tulikwenda kutafuta viatu. Katikati ya viti vilivyoanguka kulikuwa na nyayo nne nne, mbichi, pana kama sahani. Alikuja baadaye. Sijui nani alimwambia kuna onyesho.

Ilikuwa imebaki niikamilishe kwa ustaarabu, na mke wangu. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja tulitimiza miaka ishirini ya ndoa. Kijana mmoja hapa mjini alikuwa ameanza kuonyesha filamu kwenye uwanja wa Kawajense, kiingilio shilingi 1,000, kiti uje nacho. Nikamwambia mama Neema tunatoka.

"Wenzangu wanapelekwa Zanzibar," alisema. "Mimi unanipeleka kwa Gabbar?"

Nikamweleza kwamba hata huko Zanzibar, kwenye tamasha la filamu la ZIFF, watu wanakaa Ngome Kongwe usiku, nje, wanatazama filamu chini ya nyota, na wengine wamepanda ndege kwa ajili hiyo.

"Sasa kwa nini tusikae nje ya huko?"

"Mama Neema, nje ni nje."

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Inyonga, na huwezi kumwacha mgeni nyumbani, hasa huyo. Mchana ilikuwa imenyesha mvua ya kwanza ya maana. Jioni akasimama mlangoni, akanusa hewa. "Leo watatoka," alisema.

"Nani, mama?"

Hakunijibu. Alijifunga kitenge cha pili juu ya cha kwanza, na tulipopanda bajaji nilisikia kitu kinagonga kama bati. Adabu ya ukwe hainiruhusu kuuliza mama mkwe ana nini ndani ya kitenge.

Tulikaa viti vyetu vya plastiki. Treni ikapita, farasi wakapita, wezi wakaimba juu ya pikipiki. Mama Neema akaanza hata kucheka. Saa tatu na nusu hivi, kwenye ule mwanga unaotoka kwenye projekta, akapita kumbikumbi mmoja. Kivuli chake kwenye shuka kilikuwa kikubwa kama helikopta. Wakaja watatu. Kisha ardhi ikafunguka.

Wakawa wengi mpaka Gabbar haonekani. Tulikuwa tunasikia kicheko chake tu ndani ya mabawa. Nikageuka kumwambia mama mkwe pole. Kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa mbele, chini ya projekta, ametoa beseni kutoka kwenye kitenge, analimiminia maji ya kunywa ya chupa, chupa ambayo mimi ndiye niliyeinunua. Si yeye peke yake. Uwanja mzima ulikuwa umeinuka: ndoo, khanga, kofia, hata helmeti ya bodaboda. Mimi ndiye mtu pekee niliyekuwa nimekuja kutazama filamu.

Na hapo Basanti akapanda kwenye vioo. Ninaapa tena.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia kijana wa projekta, kwa ile sauti ambayo mimi naijua, "hiyo picha ina giza. Itoe. Wacha weupe mtupu, wanapenda weupe."

Kijana akaniangalia. Nikatikisa kichwa kukataa. Akauangalia umati. Akaitoa picha.

Tukatazama shuka jeupe dakika arobaini. Waliochelewa kufika na mabeseni walitozwa shilingi 500, na hakuna aliyelalamika. Nyumbani mama mkwe aliwakaanga kwenye sufuria kavu, chumvi kidogo tu, mafuta hawahitaji, wanayo yao. Nilikula sahani mbili. Mama Neema anasema ilikuwa sherehe nzuri kuliko harusi yenyewe, na sijui nilipokee vipi.

Mpwa wangu aliposikia haya alinicheka, akatoa simu. "Anko, iko humu nzima. Nikupeleke mbele, kwenye vioo?" Nikamrudishia simu yake. Filamu niliyoanza kuisikia mdomoni mwa baba, iliyonikimbiza mpaka jikoni kwa watu, niimalizie kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja, nimelala chali, katikati kukiwa na tangazo la kuongeza salio?

Kijana wa Kawajense amekubali kuirudia Jumamosi ijayo, saa mbili usiku, uwanja uleule. Elfu moja, kiti uje nacho, na beseni kwa wenye akili. Mjomba naye atakuwepo. Amehamia huku tangu alipostaafu, ana miaka 82 na pikapu nyingine. Mtakaokaa karibu na mzee mwenye kofia ya pama, mkimwona anapapasa mfuko kutafuta ufunguo, naomba mmshike mkono.