Sifa za Mzani wa Barabarani

Wanaosafiri kwa ndege nawaonea huruma. Hawaijui raha ya kuamshwa usingizini, jua la saa tano likichoma, na konda anayegonga vyuma vya siti: "Wa nyuma wote sogeeni mbele! Tunaingia mzani!"

Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma imenijalia raha hiyo mara nyingi, na leo nalipa deni la shukrani.

Mzani unafundisha subira: kwenye foleni yake nimewahi kumaliza mahindi matatu ya kuchoma. Tena hautazami sura ya mtu. Hizo ni sifa ndogo. Sifa yake kuu ni kujenga umoja wa kitaifa. Ekseli ya nyuma ya basi ikizidi, dawa si kushusha mzigo, ni kuhamisha abiria. Walalahoi wa siti za nyuma, waliorushwa kama bisi tangu alfajiri, wanapanda daraja ghafla. Safari iliyopita mama mmoja alisimama katikati ya magoti yangu, kakumbatia ndoo ya dagaa. Mzee wa kanzu aliegemea kiti cha dereva kama mgeni rasmi. Tulipumua kwa zamu. Kabla namba haijatokea, tulikwishajuana majina, vijiji na nani ana sukari. Sitashangaa nikisikia kuna posa zilizoanzia pale. Konda akasema, "Vuteni pumzi!" Tukavuta sote, kana kwamba hewa ya mapafuni ndiyo inayopasua lami.

Na lami inapasuka kweli. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu hukua kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ukiibebesha 12, madhara yanazidi mara mbili; ukiibebesha 20, ni mara 16. Ndiyo maana sheria ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, haivuki tani 56 hata kwa lori la ekseli saba. Sheria nzuri. Sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu niliuona dirishani. Lori lililotutangulia, springi zimelala, lilisomeka namba nyekundu. Utingo akaruka na karatasi iliyokunjwa kwa uangalifu usio wa kawaida, akaingia kibandani, akatoka akipangusa mdomo kama aliyekunywa chai. Lori likaondoka. Halikufaulisha hata gunia moja! Sisi tukarudishwa tupimwe tena, kwa ajili ya ndoo ya dagaa!

Nisameheni, nilikuwa nasifu.

Mzani hauna kosa. Ulisema kweli, na namba ile niliiona kwa macho yangu. Mwenye kosa ni tajiri anayejaza tani za ziada kwa kuwa chai ni rahisi kuliko faini, na yule wa kibandani anayeipokea.

Mbele kidogo, mlimani, magurudumu mazito yalikuwa yamechimba mifereji kwenye lami, basi letu likapita humo kama treni kwenye reli. Mifereji hiyo huzibwa kwa fedha za Mfuko wa Barabara, ambazo sehemu kubwa ni tozo ya mafuta, na bei ya mafuta imo ndani ya nauli. Mama wa dagaa alilipa nauli kamili.