Mjeledi Hauingii Nyumba Hii

Kompyuta yetu ya mezani ni kuukuu, lakini mchezo wa Civilization IV inaumudu, na Jumamosi jioni hapa Bagamoyo nyumba nzima hukusanyika mbele yake. Tunatawala ufalme mmoja. Mume wangu ni waziri wa vita. Kifungua mimba wetu hushughulika na mabalozi, dada yake wa kidato cha pili husimamia miji, nami nimeshika hazina. Kitinda mimba kazi yake ni kubonyeza kitufe cha kumaliza zamu, na ole wake atakayemtangulia.

Mchezo huu ulitoka mwaka 2005, mbunifu wake mkuu akiwa Soren Johnson, na una ngazi tisa za ugumu. Ya chini kabisa inaitwa Settler, ya juu kabisa Deity. Kwenye ngazi ya nne, Noble, ndipo mizani inapokaribia kulingana: wewe na wapinzani mnatozwa karibu sawa. Ukivuka hapo mashine haiongezewi akili, inaongezewa posho. Montezuma, mmoja wa wapinzani hao, kwenye ngazi ya Monarch ni yuleyule wa Noble, mwenye hasira zilezile na makosa yaleyale, ila sasa kila kitu anakipata kwa bei nafuu kuliko wewe. Kwenye Deity wapinzani huanza na walowezi wawili, nawe una mmoja. Wapo wanaosema huo ni wizi. Mimi sioni hivyo. Tajiri asiye na akili nyingi anakulazimisha uhesabu kila senti, na mtu hajifunzi kuhesabu mfuko ukiwa umejaa.

Noble tuliishinda hadi ikawa haina ladha. Binti akaomba tupande, tukapanda Prince, tukasumbuka kidogo tukazoea. Monarch ndiyo iliyoingia ndani ya nyumba.

Ilianza na hazina. Katika mchezo huu kila mji unaojenga una gharama yake, na gharama hupanda kwa wingi wa miji na kwa umbali kutoka ikulu. Noble ilikuwa ikituvumilia. Monarch haikutuvumilia hata kidogo. Fedha ya elimu nikaipunguza, nikaipunguza tena, na binti bado ananiomba: "Mama, mji mmoja tu, pale penye dhahabu." Nikamwonyesha tarakimu nyekundu. Sanduku likikauka kabisa askari hugoma na kutoweka, na wakatoweka kweli, wapiga mishale wa mji wa kaskazini, huku mume wangu akiuliza nani kawaachisha kazi watu wake bila kumwambia. Mpelelezi wetu naye alikwisha kuliwa na simba.

Siku hiyo zamu ya jikoni ilikuwa ya mume wangu. Maharage ya nazi yalikuwa motoni, Montezuma akatuma mjumbe kudai tumpe elimu ya ufinyanzi bure, na ubishi wa kumpa au kumnyima ukachukua muda kuliko tui lilivyoweza kungoja. Likakauka, likashika chini, likageuka jeusi. Tulishtushwa na moshi uliopita chini ya pazia. Sufuria ililowekwa usiku kucha, asubuhi nikaisugua kwa mchanga, na hata leo kitako chake kina duara jeusi lisilotoka. Chakula kikawa mkate na chai ya rangi, na hakuna aliyenyanyuka kitini.

Mama mkwe anaishi nasi. Yeye aliletwa sebuleni na wimbo. Mchezo unapofunguka huimbwa "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili, muziki wa Christopher Tin, Mmarekani aliyeishi chumba kimoja na Johnson walipokuwa wakisoma Stanford. Februari 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kuipata kutoka kwenye mchezo wa kompyuta. Mama mkwe, Mkatoliki wa tangu utotoni, aliusikia akiwa chumbani, akatoka, akasimama hadi ukaisha. Tangu hapo ni amri: hakuna kugusa kitu kabla sala haijakamilika. Akivutiwa kiti hukaa nyuma yetu na kutazama.

Kwa hiyo alikuwepo tulipojua kufua shaba. Shaba hufungua shoka, hufungua ukataji wa misitu, na hufungua utumwa. Kijana wetu akatueleza vizuri, maana alikuwa amesoma: ukiufuata utumwa, unaweza kumtoa kafara mkazi mmoja wa mji ukapata nyundo 30 za kazi papo hapo. Mji hunung'unika kwa zamu kumi, kisha yanasahaulika. Wachezaji wengi hodari wa ngazi za juu ndivyo wanavyokwenda. Ghala lingeisha kesho badala ya mwaka wa njaa. Montezuma alikuwa anakusanya watu mpakani.

Binti akatoa mkono kwenye kipanya. Akasema habonyezi.

"Ni namba tu, mwanangu," baba yake akamwambia. Mama mkwe akamjibu kutoka nyuma: "Hata hapa pwani walikuwa namba. Waliandikwa daftarini."

Kutoka kwetu unakwenda kwa miguu hadi lilipo jengo la Caravanserai, ambako misafara ya kutoka bara ilikuwa ikimalizia safari, watu wakiwa wamebeba pembe za ndovu na wao wenyewe wakiwa bidhaa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao hapa mwaka 1868, wakawapokea waliokombolewa na kuwajengea kijiji. Ukoo wa mama mkwe unaanzia kijijini humo. Nyuma ya hapo hakuna jina linalojulikana. Mume wangu anayajua hayo tangu mdogo, na aliposikia neno la daftari alinyamaza.

Nami nikasimama na binti. Najua kioo hakina damu. Lakini kwenye Noble swali hili halikutufikia hata siku moja, kwa sababu hatukuwa na shida. Mtu huona urahisi kuwa mwema akiwa na akiba. Monarch ilitubana ukutani ikatuuliza mbele ya watoto, na nilitaka watoto wasikie jibu likitoka kwetu, likiwa na gharama yake. Mama mkwe akaliweka kwa maneno yake: mjeledi hauingii nyumba hii.

Gharama ilikuja upesi. Tulikata misitu, tukaharakisha alfabeti ili tubadilishane elimu na Mansa Musa wa Mali, ambaye katika mchezo huu ndiye mwepesi kuliko wote kuuza anachokijua. Kijana wetu akawa hodari wa kumbembeleza. Lakini ukuta haukukamilika, na Montezuma akavuka mto. Mkuki wetu wa mwisho ukaanguka, na wakati huohuo luku ikaisha, giza likatanda, mume wangu akatoka mbio kununua umeme.

Watoto walifurahi gizani. Mchezo hujihifadhi wenyewe kila baada ya zamu nne, kwa hiyo vita vingerudiwa. Taa zikawaka, wakarudia, na mkuki ukaanguka vilevile. Civilization IV, usipobadilisha mpangilio wake mwanzoni, huhifadhi hata bahati: tenda yaleyale kwa utaratibu uleule, utavuna yaleyale. Binti ndiye aliyeng'amua. Akawatoa askari mjini, akauacha mji uende, akajipanga kilimani nyuma yake. Mji mmoja tukapoteza, ufalme ukabaki.

Kilichonifurahisha kuliko yote kilikuja karne nyingi baadaye. Elimu ya demokrasia hufungua sera ya ukombozi wa watumwa, na falme zinapoifuata, zile zisizoifuata huanza kuingiwa na manung'uniko mijini. Tukaikimbilia tukiwa maskini, tukaipata, tukaitangaza. Mama mkwe aliomba asomewe tangazo mara mbili. Montezuma hakuifuata.

Hatukushinda. Mansa Musa alirusha chombo chake kuelekea Alpha Centauri wakati sisi tukiwa bado tunatafuta alumini.

Mume wangu anataka turudi Prince tupumzike. Binti amekataa: ni Monarch tena, umeme ununuliwe Ijumaa, maharage yaive kabla ya sala, na misitu ya mwanzo isikatwe ovyo. Kijana wetu ameomba kitu kimoja tu, Montezuma aondolewe kwenye orodha ya wapinzani.

"Abaki," dada yake akamwambia. "Hajanirudishia mji wangu."