Mwongozo wa Fundi Anayetaka Kupigiwa Simu Usiku

Kazi imepatikana Ipagala, hapa Dodoma. Mwenye mali ana kisima kirefu uani, tangi juu ya mnara, nyumba nne za kupangisha na mashine ya kukamua alizeti. Anataka vyote viendeshwe na PLC moja, yaani kompyuta ndogo ya kuamrisha mitambo, ili akiwa Dar afungue simu na kuona maji yanapanda. Mota ni tatu na draivu ni tatu. (Dukani sema inveta, ukisema draivu utaulizwa ya gari gani.) Ya kisima ni ya Ulaya, aliuziwa na mtu aliyekuwa akifunga mradi. Ya pampu ya pili ni ya kampuni nyingine kwa sababu siku hiyo ndiyo iliyokuwepo. Ya alizeti ilikuja na mashine yenyewe kutoka China, na kitabu chake kimeandikwa Kiingereza na mtu aliyekuwa na haraka.

Draivu zote tatu zinajua lugha ya Modbus, ile ya nyaya mbili. PLC ilinunuliwa kwa bei ya kutupa Kariakoo, nayo inajua Profinet peke yake. Kwa hiyo katikati patakaa getwei, kisanduku kidogo chenye taa za kijani ambacho kazi yake ni kupokea namba upande huu na kuzitoa upande ule.

Ukiifanya kazi hii vizuri utalipwa mara moja. Mwongozo huu ni wa wanaotaka kulipwa kila mwezi, na ikiwezekana usiku, maana usiku bei hupanda.

Mwenye mali atauliza kwanza kwa nini vifaa vya umeme, vyote vyenye nyaya, visielewane vyenyewe mpaka vinunuliwe mkalimani. Ni swali zuri, na jibu lake ni la kweli kiasi cha kumchosha. Modbus ilitolewa mwaka 1979 na Modicon, watu walewale waliotengeneza mojawapo ya PLC za mwanzo kabisa duniani. Wajerumani wakaja na Profibus mwishoni mwa miaka ya 1980, Wamarekani wakaleta DeviceNet miaka ya 1990, na kila kiwanda kikubwa kikawa na chake. Wakubwa wakakaa vikao vya miaka ili wachague kimoja. Mwaka 2000 kiwango cha kimataifa IEC 61158 kikatoka kikiwa na aina 8 ndani yake zisizoelewana, kama kikao cha ukoo kilichogawa shamba moja kwa warithi wanane na kumwambia kila mmoja kuwa ni lake peke yake. Mpaka ufike hapo mzee atakuwa ameshasaini malipo ya awali.

Tuanze na nyaya. Kitabu kitakwambia RS-485, yaani zile nyaya mbili za Modbus, ipite kwenye draivu ya kwanza, iende ya pili, iishie ya tatu, na kila mwisho wa mstari uwekewe rezista ya omu 120. Mbili tu, moja kila mwisho. Wewe vuta kila draivu waya wake kutoka kwenye getwei, maana mchoro wenye umbo la nyota unapendeza ukutani, kisha weka rezista kwenye kila kifaa. Usiwe bahili. Kuhusu alama za A na B usijisumbue: kiwanda kimoja huita A kile ambacho jirani yake anaita B, na ukizigeuza hakuna kinachoungua wala kutoa moshi. Mtandao utanyamaza tu. Ukimya wa namna hiyo unaweza kulipiwa siku mbili nzima.

Waya wa mawasiliano upitishe kwenye bomba moja na kebo ya mota. Ndani ya draivu umeme unakatwa na kuunganishwa maelfu ya mara kwa sekunde ili mota ipate kasi inayotakiwa, na kelele zake husambaa kwenye kila waya uliolala jirani. Mota zikiwa zimezimwa mawasiliano yatakuwa safi kabisa. Fanya majaribio yako wakati huo, mbele ya mzee, kisha chukua boda uondoke kabla hajawasha pampu.

Anwani, kasi ya mawasiliano na pariti nitazipita haraka kwa sababu hazina faida ya kudumu. Ukizikosea mfumo hauwaki kabisa na mteja anagundua siku hiyohiyo. Fundi wa maana hutafuta kosa linalowaka. Kwa mfano, kitabu kinaposema rejista 40001, kwenye waya kinachosafiri ni sifuri, kwa kuwa wengine huhesabu kuanzia moja na wengine kuanzia sifuri. Ukikosea hatua moja utapata jibu, tena jibu zuri, ila ni la rejista ya jirani. Utasoma volti ukidhani ni kasi. Baiti nazo zikigeuzana katikati ya getwei, mota inayozunguka mara 1450 kwa dakika itasomeka 43525, na mwenye mali atawaonyesha wageni.

Sasa tuingie kwenye namba za kasi, maana hapo ndipo penye riziki hasa.

PLC haimwambii mtu "zunguka kwa hezi 50". Inatuma namba. Katika utaratibu wa PROFIdrive, asilimia mia moja ya kasi ni 16384. Katika utaratibu wa draivu za ABB, asilimia mia ni 20000. Kila upande una hoja zake na hakuna aliyekosea. Getwei inapokea 16384 kutoka kwenye PLC na kuifikisha 16384 kwenye draivu, bila kuiba hata moja. Lakini draivu iliyozoea kuhesabu mpaka 20000 inaiona namba hiyo kuwa ni asilimia 82, nayo inatii. Mota inazunguka kwa hezi 41.

Uzuri ni unaporudi. Draivu inaripoti kasi yake kwa kipimo chake, 16384. PLC inaigawanya kwa kipimo chake, 16384. Kwenye simu ya mzee, kule Dar, inaandika asilimia 100. Kosa la kwenda limefutwa na kosa la kurudi, na hakuna aliyedanganya. Mahali pekee panapoonyesha hezi 41 ni kioo cha draivu yenyewe, kwa hiyo funga mlango wa paneli na ufunguo uende nao. Ukiulizwa, sema ni kwa ajili ya vumbi. Ipagala ina vumbi la kutosha kukutetea.

Asilimia 82 si mbaya, utasema. Maji yatakuja kidogo. Hayatakuja. Nguvu ya pampu ya kupandisha maji hushuka kwa mraba wa kasi. Pampu ambayo kwa kasi kamili inaweza kusimamisha maji mita 120, kwa asilimia 82 ya kasi inayafikisha kama mita 80. Ikiwa kutoka maji yalipo kisimani mpaka mdomo wa tangi ni mita 95, yatapanda mita 80 na kusimama humohumo ndani ya bomba, mota ikizunguka, umeme ukiliwa. Na mota ya kisimani hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Yasipopita, inachemka polepole. Hapo umeshajipatia na kazi ya kupandisha bomba zote na kubadilisha mota.

Kabla ya siku hiyo mzee atapiga simu, na mazungumzo yatakwenda hivi:

"Fundi, hivi pampu inazunguka?"

"Shikamoo mzee. Inazunguka, angalia kwenye simu. Si inasema mia?"

"Marahaba. Inasema mia. Mbona mnarani hakuna hata tone?"

"Mzee, kisima hicho. Unajua Dodoma yetu."

Usiongeze neno. Kisingizio hiki hakijawahi kukosa mnunuzi kwa sababu kimesimama juu ya ukweli. Mji huu unategemea sana maji yanayovutwa na mota kutoka chini ya ardhi, mengi yake kule Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji. Visima vya bonde hilo vimepimwa kina cha maji tangu miaka ya 1950, na mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilikuwa na utafiti uliotumia kumbukumbu zake za miaka 55: maji ya chini hayaongezwi na kila masika, huongezwa hasa na miaka michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Katikati yanashuka taratibu. Kwa hiyo unapomwambia mzee kisima kimekauka, unazungumza kama mwanasayansi. Mwanasayansi, kwa bahati mbaya, angeshusha kamba kwanza apime.

Dawa ya ugonjwa wote huu ni mstari mmoja kwenye programu ya PLC: zidisha kwa 20000, gawanya kwa 16384 wakati wa kwenda, na kinyume chake wakati wa kurudi. Usiuandike mapema. Jihadhari tu na kijana aliyetoka VETA akiwa na kompyuta ya mkononi na tabia ya kusoma vitabu mpaka kurasa za nyuma, kule kwenye majedwali. Atafungua paneli, ataona 41 kwenye kioo na 100 kwenye simu, na atauliza swali mbele ya mwenye mali. Mpe kazi ya kuchimba mtaro.

Kitu kingine: draivu za PROFIdrive hazikubali kuamriwa "kimbia" ghafla. Zinataka kwanza 1150, yaani jiandae, ndipo 1151. Ukituma 1151 moja kwa moja, draivu haitawaka wala haitatoa kosa. Wengi wamebadilisha draivu nzima kwa ajili ya hatua hiyo moja, na duka likafurahi.

Sasa tuje kwenye siku umeme wa upande wa PLC unapokatika. PLC imezimika, getwei iko kwenye paneli nyingine na bado inawaka. Draivu ina ulinzi wake: isiposikia mtu kwa sekunde kadhaa, inasimamisha mota. Lakini getwei haiachi kuisemesha. Imeshika amri ya mwisho iliyopewa, "kimbia", na inairudia kwa uaminifu kila sekunde, kwa niaba ya bosi aliyezimika. Draivu inaona mambo ni shwari. Tangi linajaa, linafurika, maji yanateremka kwenye nguzo za mnara, na majirani watakuja na ndoo na shukrani. Kwenye mipangilio ya getwei nyingi kuna kipengele cha kuchagua: bosi akipotea, data za mwisho zibaki au zifutwe. Kiache kilivyotoka kiwandani. Kuna mafundi waoga wanaoiambia PLC itume namba inayobadilika kila sekunde, mpaka kwenye draivu yenyewe ikiwa inaruhusu, ili ikigoma kubadilika mota isimame. Wengine huvuta na waya wa boya la tangi moja kwa moja mpaka kwenye draivu, bila kumwomba getwei ruhusa. Hao usiku hulala, na hali yao ya kifedha unaiona.

Kitufe chekundu cha mashine ya alizeti sikifanyii utani. Mkono wa mtu ukinaswa kwenye skrubu ya kukamulia, hakuna muda wa namba kupita kwenye Profinet, kutafsiriwa, na kusubiri zamu yake kwenye Modbus. Waya wa kitufe hicho uende kwenye draivu au kontakta wenyewe, bila programu yoyote katikati. Mengine yote humu yaharibu upendavyo.

Kuhusu Dodoma kuwa mita 1,100 na ushee juu ya bahari: vitabu vingi vya draivu husema zaidi ya mita 1,000 hewa ni nyepesi na kifaa kipunguziwe mzigo, kama asilimia moja kwa kila mita 100. Kwetu ni kama asilimia moja tu, haitoshi hata kuandikia ankara. Joto la paneli iliyofungwa kwa ufunguo chini ya bati, mchana wa Oktoba, ndilo linalotosha.

Mwisho kabisa, jedwali la rejista. Lazima liwepo mahali, la sivyo hata wewe utasahau. Andika kwa kalamu nyuma ya boksi la getwei: draivu gani ina anwani ipi, rejista ipi ni amri, ipi ni kasi, asilimia mia ni ngapi. Kisha boksi hilo uende nalo nyumbani. Mzee akiuliza nyaraka, mpe mchoro wa nyota, umepigwa laminesheni.

Utakapoitwa na hatimaye kuandika ule mstari mmoja, kaa nao saa tatu. Unganisha kompyuta, chomoa, kunja uso, omba chai. Maji yakifika mnarani utasikia watoto wa wapangaji kabla ya kuona lolote kwenye simu. Kwenye ankara usiandike "kurekebisha namba". Andika "kusawazisha mfumo wa mawasiliano ya draivu", na mzee, ambaye ni mtu mzima na amejenga nyumba nne kwa kuuliza maswali, ataisoma mpaka chini.

"Sasa fundi, mfumo ulikuwa umeyumbishwa na nini?"

"Umeme, mzee. Si unauona siku hizi?"

Atatikisa kichwa, na atalipa.