Sifa za Vumbi la Tarime

Kazi ya kusifu nchini kwetu haijawahi kukosa watu. Wapo wanaosifu mradi kabla haujaanza, wapo wanaosifu hotuba ambayo hawakuisikia, na wapo waliolipwa posho kusifu uamuzi wa kulipa posho. Katika umati wote huo hajatokea hata mmoja wa kulikumbuka vumbi la barabara inayotoka Tarime, ikapita Nyamongo, ikaishia Mugumu. Miaka yote niliyoishi Minnesota nimengoja mwanakwetu alitendee haki, sijamwona. Basi, kwa kuwa kila nirudipo nyumbani hulila kwa wingi kuliko ugali, nadhani nina sifa za kutosha kulisemea.

Nianze na fadhila ndogondogo, tuzimalize. Vumbi hili huku juu milimani, kwenye kahawa na migomba, ni jekundu, na kadiri unavyoshuka kuelekea Serengeti hupauka, hivyo mpiga debe mzoefu akikutazama nyusi tu anajua ulipandia gari wapi. Linafundisha adabu ya mazungumzo: watu tisa ndani ya mchomoko uliotengenezwa kubeba watano hufika salama bila kugombana, kwa sababu atakayefumbua mdomo ndiye atakayekula. Linamponya mgeni maradhi ya viatu vyeupe. Tena ni nyenyekevu, hulala chini mpaka mkubwa apite.

Hata heshima ya kimataifa linayo. Mwaka 2010 serikali ilipokuwa na mpango wa barabara kuu ya kuunganisha Musoma na Arusha kwa kukata kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti, shirika moja la Nairobi la kutetea wanyama lilikwenda kushtaki kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, pale pale Arusha. Juni 2014 mahakama ikazuia lami kupita hifadhini. Nyumbu zaidi ya milioni moja wakashinda kesi bila kuhudhuria hata siku moja. Dunia ikawashangilia nyumbu, vumbi likasahaulika, ingawa siku ile nalo lilipata ulinzi wa kisheria ambao hakuna kijiji cha Tarime kimewahi kuuota. Siwaonei nyumbu wivu, na hukumu naiona ilikuwa ya haki. Nashangaa tu kwamba vijiji vyetu, vilivyo nje ya mpaka wa hifadhi na ambavyo hakuna aliyevishtaki popote, navyo viliisubiri lami miaka na miaka, utadhani ni mapito ya nyumbu.

Lakini hizo ni fadhila za rejareja. Fadhila kuu ya vumbi la Tarime, ambayo ingeandikwa kwa herufi za dhahabu kama dhahabu ya Nyamongo ingekuwa inabaki Nyamongo, ni kwamba linatoa uraia.

Utaratibu wake ni mfupi. Mwombaji hufungua dirisha la gari, na hapo ombi limepokelewa. Alama za vidole huchukuliwa papo hapo, maana chochote utakachoshika kitabaki nazo. Picha haihitajiki, uso wote unapigwa rangi upya, isipokuwa duara mbili mahali palipokuwa na miwani. Usaili hufanyika kooni. Cheti hutolewa kwenye leso, chekundu, chenye mihuri miwili, mmoja kwa kila tundu la pua. Hakuna ada, hakuna nakala tatu zilizothibitishwa na wakili, hakuna “mtandao unasumbua, rudi Jumatatu”. Wala hakuna tarehe ya kuisha: ninalo shati ambalo limefuliwa Marekani kwa mashine na kwa sabuni ya kila jina, na kola yake mpaka leo ni mkazi wa Nyamwaga. Vumbi halikuulizi unaishi wapi siku hizi wala mfukoni una pasipoti ya rangi gani. Linamsajili ng'ombe, mchungaji wa ng'ombe, mchungaji wa kanisa, mama wa mandazi na kijana anayetoka kuchekecha mawe akitafuta chembe. Wanaokosa uraia huu ni wale tu waliopandisha vioo na kuwasha kiyoyozi. Hao, kwa sheria za vumbi, ni wageni, hata kama gari lao limetangulizwa na king'ora.

Tena hao ndio walitengenezao kwa wingi. Kila baada ya miaka mitano mgombea husimama juu ya gari, akaahidi lami, akashangiliwa, kisha akaondoka kwa kasi iliyotufunika sisi pamoja na ahadi. Mgodi wa North Mara, hapo hapo Nyamongo, unachimba dhahabu tangu 2002, na kwa makubaliano ya 2019 serikali yenyewe ina hisa asilimia 16 humo. Lami imeanza kuingia, kipande leo, kipande keshokutwa, nami nimeikanyaga na kuisalimu kwa mkono. Ila nyumba ya mama yangu iko hatua chache kutoka barabarani, na mama anakohoa. Anakohoa kiangazi chote. Zahanati inampa dawa ya kikohozi, barabara inampa kikohozi, na yeye katikati anafagia uwanja asubuhi, mchana na jioni. Sikukusudia kuliandika hili. Katika utenzi wa sifa halina mahali pake.

Turudi kwenye uraia, maana ofisi nyingine zinazogawa kitu hicho zina mengi ya kujifunza kutoka kwa vumbi.

Kitovu changu kimezikwa nyuma ya nyumba ya bibi. Nilipochukua uraia wa Marekani, kwa sababu ambazo kila aliyewahi kulea watoto ugenini anazijua, Sheria ya Uraia ya 1995 ilinifuta kimyakimya, bila hata barua ya pole. Siku hizi nikija kumwona mama kupitia Nairobi, ambako kwetu ndiko karibu, naanza kwa kuilipa Kenya dola 30 za idhini ya kuingia. Nikifika mpakani nalipa dola 100 za viza, bei ya wenye pasipoti ya Marekani. Mjerumani anayekuja kumpiga picha simba analipa 50. Nagongewa muhuri wa siku 90. Kijana wa dirishani, mpole na mwenye heshima zake, ananiuliza mwenyeji wangu nchini ni nani. Nasema mama. Anauliza jina kamili la mwenyeji. Basi mwanamke aliyenizaa anaandikwa kuwa ndiye atakayenipokea mimi mgeni, na wote wawili tunaona haya, mimi na yule kijana.

Mstari huo wenyewe tunaolipia, Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 wakiwa mbali sana na Mkurya yeyote. Binamu zangu wa Kehancha, upande wa Kenya, huuvuka na mbuzi wa sherehe bila kujua wameuvuka. Mbuzi pia hajui. Katika ukoo mzima mgeni ni mmoja, naye ndiye aliyenunua mbuzi.

Na hapa ndipo hasira inaponipanda. Fedha zangu zina uraia pacha. Huzaliwa dola kule, baada ya dakika chache ni shilingi kwenye simu ya shangazi, na hakuna anayeziuliza zitakaa siku ngapi. Zimeezeka bati, zimelipa ada, zimezika wazee na kuoza vijana. Kwenye makongamano tunaitwa wadau wa maendeleo, tunapigwa picha za pamoja na kupewa begi la karatasi lenye kalamu. Ukiuliza habari ya uraia, mwenye kipaza sauti anakumbuka kwamba muda umetutupa mkono. Miaka nenda rudi tumeomba, na mwaka 2025 Bunge likarekebisha sheria za uhamiaji na za ardhi ili watu wa jinsi yetu wapewe hadhi maalumu. Nashukuru, kweli nashukuru. Mtoto aliyefukuzwa mezani ameletewa kiti, kimewekwa kibarazani, na kina mto mzuri.

Wazee wetu suala hili hulimaliza kwa pumzi moja. Nilipoingia uwanjani safari hii, mwekundu kuanzia utosini, mzee mmoja ambaye macho yake hayaoni tena vizuri aliniita, “Mura, wewe ni wa nani?” Nikamtajia baba, nikamtajia babu, nikamtajia ukoo. Akatikisa kichwa, akaniamuru nisogeze kiti chake kivulini. Faili langu likafungwa hapo, na kazi nikapangiwa papo hapo.

Serikali ya kijiji haikuweza kwenda kwa kasi hiyo. Tulikuwa na jambo la shamba la marehemu baba, ambalo familia ilitaka liandikwe sawasawa kabla mipaka haijaanza kutembea. Zikatakiwa namba za vitambulisho vya taifa. Ndugu zangu wakatoa zao. Mimi nikatoa leso. Watu wakacheka, mtendaji akacheka, kisha akaandika sehemu yangu kwa jina la mdogo wangu, kwa sababu asiye raia hamiliki ardhi na hadhi yangu maalumu bado sijaiomba.

Mdogo wangu ni mtu mwema. Jioni alinitembeza shambani kwake, akanionyesha atakapopanda mahindi na atakapoweka mikaratusi. Kisha, akiona nimenyamaza, akanihakikishia kwamba habari ya kuzikwa nisiwe na wasiwasi nayo kabisa, nafasi yangu ipo palepale karibu na baba. Ila nijitahidi kumpa taarifa mapema, kabla hajapanda.